Muulize Mwalimu wa Fizikia: Chaji Tatu, Nukta Moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Sita, Morogoro. Tumepewa nukta P. Magharibi yake, umbali wa sentimita 30, kuna chaji ya mikrokulombi +4. Mashariki, sentimita 60, ipo ya +8. Kaskazini, sentimita 30, ipo ya –1.5. Tutafute uga wa umeme hapo P. Napata 450,000, kitabu kinasema 250,000. Nimerudia mara nne. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kunitumia na karatasi uliyokokotolea. Uga wa kila chaji, yaani nguvu ambayo kulombi moja (kipimo cha chaji) ingeipata kutoka kwake ikiwekwa P, umeupata sawasawa: 400,000, 200,000 na 150,000, nyutoni kwa kulombi. Hata sentimita umezigeuza kuwa mita, na hapo wengi hunaswa. Umeteleza mstari wa mwisho: 400,000 + 200,000 – 150,000. Hizo umezijumlisha kama bei za sokoni. Uga una upande unakoelekea, na ile alama ya hasi kazi yake ni kukuonyesha upande huo tu. Ukishachora mshale, iache.

Tena mishale yako umeianzishia kwenye chaji. Ianzishie P, ndipo tunapoulizwa. Jifanye wewe ni chaji chanya ndogo uliyesimama pale, ujiulize kila jirani anakupeleka wapi. Ya magharibi inakusukuma mashariki. Ya mashariki inakurudisha magharibi. Ni kubwa mara mbili, lakini iko mbali mara mbili, na kwa kuwa tunagawanya kwa mraba wa umbali, uga wake unatoka nusu. Hizo mbili zinapingana: 400,000 toa 200,000, zinabaki 200,000 kuelekea mashariki. Ya kaskazini ni hasi, inakuvuta kwake kwa 150,000.

Imebaki mishale miwili yenye pembe mraba kati yake. Tumia kanuni ya Pythagoras, utaipata 250,000 ya kitabu. Usiweke kalamu chini bado, maana mtahini atataka na mwelekeo: 150,000 gawa kwa 200,000 ni 0.75, tanjenti ya digrii 37 hivi, kutoka mashariki kuelekea kaskazini.

Sasa rudia, ile ya kaskazini iwe +1.5. Kwa njia yako ya kwanza ungepata 750,000. Ukichora mishale, ukubwa unabaki 250,000 ule ule. Niandikie mshale umegeukia wapi.