Mchawi niliyemtunga mwenyewe

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasoma chuo huku Nyegezi, Mwanza, na niko kwaya ya vijana. Napenda sana muvi za mapigano, na wenzangu wanajua. Katibu wetu anasema shetani anaingilia hapo hapo. Je, ni dhambi?
– Mwanakwaya, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katibu wako angenijua miaka ya tisini asingeniruhusu hata kushika kitabu cha nyimbo. Nilikuwa na kibanda cha video Kirumba: deki moja, televisheni ya inchi 21, mabenchi ya mbao za mitumbwi, na jenereta lililokohoa kuliko watazamaji. Kiingilio shilingi 50. Mapigano ndiyo yaliyonilisha, kwa hiyo sitakuambia usiangalie.

Nitakuambia kitu kimoja tu. Ukiangalia, hesabu wanaokufa bila jina. Yule anayepigwa risasi ghorofani akadondokea kwenye bwawa, mama yake nani? Muvi haitaki ujue. Kama saa mbili zimepita, watu arobaini wamelala chini, na wewe unapangusa maganda ya karanga na kwenda kulala kwa amani, hapo jihoji. Risasi zenyewe si neno. Neno ni kuzoea kwamba kuna watu wa kufa tu.

Halafu kuna habari ya steringi. Unajua kanuni ya kibandani: steringi hafi. Pasaka moja niliweka filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watoto wakalipa wakijua ni picha kama nyingine. Askari walipomkamata wakashangilia, "Subirini, anawavuta!" Alipopigwa mijeledi bado walikuwa na imani naye. Alipokata roho kibanda kizima kilinyamaza, kisha mtoto mmoja wa benchi la mbele akasimama akadai hamsini yake. Nilimwambia akae chini, mkanda haujaisha.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, Buswelu. Kila jioni tulikuwa tunaangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Mzee wa kanisa letu akatuonya, nikaacha kulipia king'amuzi. Nikaenda kwa kijana anayerusha muvi, nikamwambia aniwekee kwenye flashi filamu za Kikristo tupu. Akanipa za Kinaijeria kumi na mbili, karibu zote zina mchungaji na maombi. Sasa mama mkwe amekuja kutoka Misungwi kwa matibabu, na kitinda mimba wangu wa miaka saba hataki kukaa karibu naye. Hataki kula chakula alichokishika bibi yake. Juzi alimwambia baba yake, "Bibi ana macho mekundu kama yule wa kwenye filamu." Mkwe alisikia. Mume wangu haongei na mimi. Nimekosea wapi wakati uchafu niliutoa?
– Mama wa watatu, Buswelu

JIBU: Amina, mama. Kwanza mpe mama mkwe pole yangu, umpe kabla hujamaliza kusoma.

Mzee wako wa kanisa simpingi, alisema kwa nia njema. Ila wengi wetu tunapima filamu kama mgambo anavyopita sokoni: mabusu mangapi, vimini vingapi, chupa ngapi mezani. Zikizidi, tunazima. Zisipokuwepo, tunasema filamu ni safi. Kwa kipimo hicho 2 Samweli sura ya 11 isingeruhusiwa sebuleni kwako, maana mna mfalme juu ya dari, mke wa mtu anaoga, na mume anatumwa vitani auawe. Na filamu zako kumi na mbili zinapita bila kuguswa, kwa sababu hakuna aliyembusu mtu.

Mimi huuliza swali jingine: filamu hii inanifundisha kumwogopa nani? Waturuki wako, pamoja na majumba yao ambayo sijaona mtu akideki wala kuosha sufuria, walikufundisha kuogopa aibu ya ukoo. Ni mungu mdogo huyo, na tungeweza kumjadili. Lakini zile kumi na mbili zilimfundisha mtoto wa miaka saba kumwogopa bibi kizee. Huku kwetu Usukumani hilo si jambo la kuchekea. Unajua kama ninavyojua mimi ni akina mama wangapi wazee walikatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa.

Nasema hivi nikiwa na deni. Kibandani kwangu mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri. Nasema mtafsiri, lakini Kichina sikujua hata salamu, na yale maandishi ya Kiingereza chini yalipita mbio kuliko macho yangu. Nilikuwa natunga. Kulikuwa na picha moja ya Hong Kong, mle ndani bibi mmoja anauza tambi kando ya njia. Anaonekana mara tatu, anakohoa, anamwambia steringi kitu, basi. Watu walianza kupiga miayo. Nikashika maiki nikasema, "Huyo mnayemwona ni mchawi! Tazameni macho yake! Amekula watoto watatu wa mtaa huu!" Kibanda kililipuka. Tangu siku hiyo kila bibi kizee aliyetokea kwenye kioo changu, awe Mchina awe Mhindi, alikuwa mchawi. Nikamtungia na wimbo wake: "Bibi macho moto, leo utakiona!" Watu walikuja kwa ajili ya wimbo huo.

Deki ile niliizungusha mpaka Magu siku za gulio. Krismasi moja nikaenda kumsalimia bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akiishi huko huko Magu. Nikamkuta anarudi na mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake watoto sita au saba wanamfuata kwa mbali wakiimba. Bibi macho moto. Maneno yangu, na sauti wameiga yangu, mpaka pale ninapokwaruza koo. Akatua kuni akaniuliza kwa Kisukuma, "Hao wanasema nini, mjukuu wangu?" Nikamjibu, wanacheza tu, bibi.

Yeye alikufa kitandani kwake, kwa uzee. Namshukuru Mungu, kwa maana si wimbo wangu uliomlinda.

Sasa rudi kwenye flashi yako. Anayetengeneza filamu ya mchungaji na mchawi anajua jambo nililolijua mimi: bibi kizee ni adui wa bei rahisi. Hahitaji gari la kulipua, anahitaji rangi nyekundu machoni na paka. Kisha mchungaji anapaza sauti, bibi anaanguka, "Utukufu kwa Mungu" inapita kwenye kioo, na sisi tunasema Amina. Huko Nigeria kwenyewe kuna filamu ya mwaka 1999 iliyotokana na huduma ya mhubiri, inayoonyesha watoto wakifanywa wachawi usiku. Watetezi wa haki za watoto wameilaumu kwa miaka mingi kwamba ilichochea watu kuwatuhumu watoto wao wenyewe. Jina la Yesu lilikuwamo humo tele.

Nami nikuulize: katika Injili ni nani aliyetuhumiwa kwamba nguvu zake ni za giza? Fungua Luka 11:15. "Atoa pepo kwa Beelzebuli." Walimsema Bwana mwenyewe. Ukitazama filamu ambayo umati unamnyooshea kidole mtu mmoja, tafuta kwanza Yesu amesimama upande gani wa kile kidole. Sisemi hakuna uchawi. Nimekulia Magu, siwezi kukudanganya. Nasema kidole.

Cha kufanya usiku huu. Usiifute flashi kimya kimya, mtoto atadhani umeogopa. Kaa naye, weka ile ile iliyomtisha, na pale bibi anapogeuka paka, simamisha. Rudisha nyuma polepole. Mwonyeshe: bibi amesimama kulia kwa mlango, lakini paka yuko kushoto, na pazia limebadilika mkunjo. Kamera ilizimwa, yule mama mwigizaji akaenda zake kunywa chai, mtu akaleta paka. Watoto wanapenda sana kugundua ujanja. Atakuwa anakutafutia wewe mengine.

Kesho yake mpeleke jikoni. Washa kuni mbichi, si gesi, mwache apulize moto mpaka ushike. Dakika kumi. Kisha mpe kioo ajitazame macho. Usiseme neno. Mwache aende mwenyewe kwa bibi yake.

Na kwa kuwa mama mkwe amekuja kwa matibabu, macho nayo yatazamwe. Yaweza kuwa moshi, yaweza kuwa vikope, na vikope vina dawa. Kuhusu mumeo, mwombe radhi mbele ya mama yake. Hilo litakugharimu kuliko king'amuzi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu ameipata ile filamu ya mapanki anataka tuiangalie wote nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye maandamano kuipinga. Mkristo anaruhusiwa kutazama filamu iliyoutukana mji wake?
– Mama Dagaa, Mwaloni

JIBU: Milele na milele, Amina. Dada yangu, kumbe ulikuwemo!

Kwa wasiokumbuka: ni filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, inaitwa Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza. Inasimulia jinsi sangara, samaki wa kuletwa aliyemaliza wengi wa furu wetu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, anavyokatwa minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Inauliza pia hizo ndege zinakuja na nini, na inadokeza silaha. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea waziwazi, na nyinyi mkaingia barabarani.

Angalieni. Ila msiangalie kwa hasira, wala msiimeze nzima kama mbuni. Yule mama aliyesimama kwenye tope la funza kati ya vichanja vya mapanki ni wa kweli. Watoto wanaovuta gundi ni wa kweli, mimi na wewe tumewaruka pale mjini tukielekea ibadani. Kuhusu silaha, tazama kwa makini ni nini umeonyeshwa na nini umedokezewa. Hakuna mahali kamera inapoonyesha bunduki zikishushwa Mwanza. Hilo nalo ni somo la kumfundisha kijana wako, kwamba picha ikikaa jirani na neno, jicho lenyewe linaziunganisha.

Nabii Nathani naye alikuja kwa Daudi na kitu kama filamu, tajiri aliyechinja mwana-kondoo wa maskini, kisha akamgeukia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Mimi naona Sauper alikuwa akiwaambia hivyo walaji wa minofu kule Ulaya. Sisi tulisikilizia dirishani tukakasirika, na sikulaumu, kwa sababu katika hadithi hiyo sisi ndio kondoo. Nani anapenda?

Lakini angalia Nathani alivyofanya. Huyo kondoo alimpa nafasi. Anasema alikula tonge la bwana wake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kama binti. Hapo ndipo ninapogombana na ile filamu. Ilikuja kutafuta kuzimu, na kuzimu ikaipata, kwani ipo kila mji. Wewe hukuwamo. Wewe unayeamka saa kumi kupokea mitumbwi, unayefunga magunia ya dagaa ya kwenda Kongo, uliyesomesha kwa hela ya kikoba. Muulize kijana wako swali hilo mkimaliza: mama yangu yuko wapi humu?

Kuna mahali pamoja tu ninapoona mtu amepewa kifua cha kulalia. Dada mmoja, rafiki wa marubani, anaimba "Tanzania, Tanzania, nakupenda kwa moyo wote." Baadaye filamu inatuambia ameuawa na mteja. Kijana atataka kupeleka mbele kwa sababu wimbo anaujua tangu shule ya msingi. Mnyang'anye rimoti.