Barua kwa binti yangu kuhusu unyakuo

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ile sauti ya mhubiri uliyonitumia nimeisikiliza yote, mpaka pale anapotaja mwezi ambao kanisa litanyakuliwa. Umeniuliza mawili: kama kuna haja ya kuendelea kulipia kiwanja wakati Bwana yu karibu, na mjomba wako, ambaye ziwa halikumrudisha, atafufukaje. Naanza na mjomba.

Habari ya unyakuo imo katika Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4. Wahubiri wengi huanzia mstari wa 16, penye parapanda. Wewe anzia wa 13. Lile lilikuwa kanisa lenye misiba. Walitazamia Bwana awakute hai, kisha wenzao wakaanza kufa, wakahuzunika wakidhani hao wamekosa siku ile. Paulo akawaandikia kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, ndipo walio hai watanyakuliwa pamoja nao katika mawingu kumlaki Bwana hewani. Anamaliza hivi: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Maneno haya yaliandikiwa wafiwa, mwanangu. Anayeyatumia kuwaliza watoto wa Sunday school kwamba wataamka wakute mama hayupo, amewapokonya wenyewe maneno yao.

Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, ulikuwa hujazaliwa. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza. Kaka yangu hakupatikana. Bibi yako alikuwa haulizi nani wa kulaumiwa. Aliuliza tu, asiye na kaburi ataitwa kutoka wapi? Mchungaji alikaa naye kwenye mkeka akamsomea Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Bibi akamwomba arudie. Tangu siku ile aliweza kushuka tena Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kununua dagaa, jambo ambalo sisi watoto wake tulikuwa tumeshindwa kumshawishi. Hilo ndilo jibu langu kuhusu mjomba, na sina jingine ninaloliamini kuliko hilo. Aliyemuumba kwa mavumbi hatashindwa na maji.

Sasa hiyo tarehe. Mwaka 2011 kulikuwa na mhubiri wa redio huko Marekani, Harold Camping, aliyetangaza kwamba unyakuo ungekuwa tarehe 21 Mei. Siku ile ile ambayo sisi Mwanza tunakumbuka wafu wetu! Wafuasi wake wengine walitoa akiba zao kulipia mabango. Siku ikapita. Akasogeza hadi Oktoba, nayo ikapita, na mwaka uliofuata akakiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Kabla yake, wafuasi wa William Miller, mhubiri mwingine wa Marekani, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Majirani zetu Wasabato chimbuko lao ni watu wa siku hiyo, na leo wao wenyewe hawapangi tarehe. Yesu alishasema katika Mathayo 24:36 kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Huyo mhubiri wako amepewa na nani kilichofichwa kwa malaika?

Umesikia pia kwamba Bwana atakuja kwanza kwa siri kuchukua walio wake, kisha iwepo dhiki ya miaka saba, ndipo aje wazi. Wapendwa wengi wanaamini hivyo, na siwahukumu. Ila ujue mpangilio huo ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ikausambaza sana. Wakatoliki na Walutheri hukiri tu kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na Wasabato hufundisha kwamba kila jicho litamwona. Mimi naona kuja kumoja, hadharani. Mtawala alipozuru mji enzi zile, wenyeji walitoka nje kumpokea, wakaingia naye, kama sisi tunavyomfuata askofu barabarani na kurudi naye kanisani kwa nderemo. Ndivyo ninavyosoma huko kumlaki hewani.

Na kiwanja? Thesalonike hiyo hiyo ilipata barua ya pili, maana kuna waliowatisha wenzao kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na kulikuwa na watu walioacha kazi wakazurura. Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Usiache kufundisha. Usimpe huyo mhubiri hela ya kiwanja hata akiiita sadaka ya mwisho. Lipa awamu ya mwezi huu, udai risiti yenye muhuri, na hati ya mauziano ipitie ofisi ya mtaa kabla hujaweka hata tofali moja.

Ukija Desemba tutakwenda Igoma pamoja. Hujawahi kufika pale, na ningependa tuisome ile sura ya 4 tukiwa huko, yote, kuanzia mstari wa 13.

Mama yako