Jibu lilikuwa sahihi, nikamkata alama

Mkuu, umeuliza kama mwanao anayeshika mkia darasani, lakini anafungua redio iliyokufa na kuirudishia mpaka inaongea, "hana akili za shule". Nimefundisha hisabati miaka mingi, acha nikupe kosa langu mwenyewe.

Niliwapa 25 × 16, onyesha njia. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika mstari mmoja tu: 100 × 4 = 400. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka hatua, kila hatua na alama yake. Nikampa 1 kati ya 3, na moyoni nikasema huyu kachungulia kwa jirani. Akanifuata na daftari: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nikamwambia anieleze. 25 ukiiongeza mara mbili ni 50, basi 16 unaigawa mara mbili, inabaki 8. Rudia tena: 100 na 4. Huyo jirani niliyedhani kaibiwa alikuwa na 390, hatua zimepangika vizuri, na nilishampa 2.

Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi, na Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtoto haibadiliki. Sisi walimu tumeshika muhuri tunagonga tu.

Kuhusu ubunifu, niliwahi kuleta darasani lile swali maarufu la wanasaikolojia: tofali lina matumizi gani, taja mengi uwezavyo? Anayeongoza darasa akaandika "kujengea", akatulia, kisha akanyoosha mkono: "Hili litatoka kwenye mtihani?" Simcheki. Ndivyo tulivyomlea.

Ila usikimbilie pia ile ya kila mtoto ana akili ya aina yake, iliyovuma tangu mwanasaikolojia Mmarekani Howard Gardner aandike mwaka 1983 kwamba akili ziko za aina nyingi. Watafiti wengi wanasema ushahidi wake ni hafifu, na nimeona ikitumika vibaya: wewe ni wa mikono, hesabu waachie wenzako. Yule kijana asingeziona 100 na 4 kama namba hazikukaa kichwani.

Kwa hiyo mwanao muulize alijuaje redio imekufia wapi, alianza kugusa nini, kwa nini. Maelezo hayo mpelekee mwalimu wake, pamoja na daftari.

Kijana wangu nilimrudishia alama zake 3. Kwenye orodha ya darasa akapanda nafasi moja.