Mradi Unapokwisha: Ushauri kwa Wanaoajiriwa na Wanaopanga

Nimekuwa mkadiriaji majenzi kwa miaka 15, na katika muda huo wote sijawahi kupata mkataba uliozidi miaka mitatu. Kila mradi mkubwa unapotangazwa, watu huuliza utaajiri wangapi. Mimi huuliza watu hao watakuwa wakifanya nini mwaka mmoja baada ya jengo kukabidhiwa.

Swali hilo lilinijia mradi wangu wa tatu ulipofungwa. Mafundi wa kuchomelea vyuma tuliowanoa kwa miaka miwili walitawanyika, na wengi wao wakaingia katika shughuli zisizohusiana kabisa na ufundi wao. Mradi mwingine ulipoanza baada ya mwaka na nusu, mkandarasi alilazimika kufundisha wengine upya. Gharama ya mafunzo hayo niliiona kwa macho yangu katika hesabu za zabuni, ikiwa imejumuishwa kwenye bei ambayo mlipakodi ndiye angeilipa, ingawa ujuzi ule ule alikwisha kuulipia.

Takwimu za pato la taifa hazifichui hasara hiyo mapema. Ujenzi unapoendelea, thamani yake huhesabiwa kuwa uwekezaji na pato hupanda, isipokuwa sehemu inayoondolewa kwa ajili ya mitambo na vifaa vilivyoagizwa kutoka nje. Ujenzi ukishakamilika, kinachoendelea kuhesabiwa ni huduma itokanayo na kilichojengwa, hivyo barabara isiyopitisha mizigo huacha ukuaji uliokoma siku wajenzi walipoondoka.

Hispania iliyaonja haya kwa uchungu. Kwa miaka mingi takribani robo ya waajiriwa wake, na wakati mwingine zaidi, walikuwa na mikataba ya muda. Sekta ya ujenzi ilipoporomoka kuanzia 2008, hao ndio waliotangulia kupoteza kazi, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 26. Mageuzi ya sheria yaliyopitishwa mwishoni mwa 2021 yalifuta mkataba uliofungwa kwa ajili ya kazi moja mahususi, na katika ujenzi yakamtaka mwajiri ampendekezee mfanyakazi nafasi nyingine kazi inapokwisha, pamoja na mafunzo ikihitajika. Ufaransa ilishika njia tofauti kwa mafundi na wasanii wa filamu na maonyesho: aliyefikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 hustahili mafao katika vipindi asivyo na mkataba. Naipenda hatua hiyo, kwa sababu inakiri kwamba pengo kati ya mradi na mradi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayeajiriwa kwa mradi, gawanya malipo ya mkataba kwa miezi ya kazi pamoja na miezi unayotarajia kukaa bila kazi, kisha ujadiliane ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Usikope kwa muda unaozidi mkataba wako. Mimi nilichukua mkopo wa miaka minne nikiwa na mkataba wa miezi 18, na kwa mwaka mzima baada ya hapo sikununua chochote kisichokuwa cha lazima. Maelfu ya watu wakibana matumizi hivyo kwa wakati mmoja, wauzaji na watoa huduma ambao hawakuwahi kukanyaga kwenye mradi hupungukiwa pia. Endelea kuchangia hifadhi ya jamii hata pasipo mwajiri wa kukukata, pale sheria inaporuhusu, na udai cheti cha ujuzi kabla ofisi za mradi hazijafungwa.

Nanyi mnaopanga miradi ya umma, ipangeni ipokezane badala ya kuanza na kukoma kwa pamoja, ili timu iliyokamilisha daraja moja ihamie jingine ikiwa bado kamili. Zaidi ya yote, tengeni fedha za matengenezo tangu siku ya kusaini mkataba, kwa kuwa huko ndiko fundi aliyejenga anakoweza kupata kazi ya kudumu.