Kabla hujamlipa mshauri wa maombi ya chuo

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama mwanafunzi wa nje anayeomba vyuo vikuu vya Marekani amlipe mshauri. Mwongozo anauhitaji, tena mapema. Ila sehemu kubwa ya mwongozo huo hupatikana bure, na ile inayouzwa ghali mara nyingi ndiyo yenye madhara.

Mshauri anayeijua kazi yake huanza na fedha: familia inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka, na je, itaweza kwa miaka 4? Watu huona haya kulijibu swali hili, na hapo ndipo maombi mengi huharibikia. Msaada wa serikali kuu ya Marekani, unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, haumhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Tegemeo lake ni chuo chenyewe. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni vinapoamua udahili. Vingi vilivyobaki huangalia, kwa hiyo anayehitaji fedha nyingi hugombea nafasi chache zaidi.

Utajuaje chuo kipi husaidia kweli? Vyuo vingi hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set, na inapatikana kwenye tovuti zao. Katika kipengele H6 utaona ni wanafunzi wangapi wa kigeni waliopewa msaada na wastani wake kwa dola. Rudi B2 uone jumla ya wanafunzi wa kigeni waliopo, kisha gawanya. Chuo kinachosaidia 12 kati ya 600 na kinachosaidia 300 kati ya 600 vinaweza kuandika maneno yaleyale ya ukarimu kwenye ukurasa wa mbele. Tarakimu ndizo zitakazovitenganisha. Kipengele C7 nacho kinaonyesha chuo kinatilia uzito nini: alama, insha, mapendekezo, mahojiano. Kazi hii haizidi nusu saa kwa chuo kimoja, na ningemwomba kila mzazi akae na mtoto wake waifanye pamoja.

Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi, inaruhusu vyuo 20. Nane hadi kumi vinatosha, kwa sababu vingi vina maswali yake ya ziada, na majibu ya chuo cha kumi na tano huwa yamechoka na msomaji anayaona. Angalau viwili viwe ambavyo alama zako zinazidi kiwango chake cha kawaida na gharama yake mnaimudu.

Insha kuu haizidi maneno 650. Shughuli za nje ya darasa ni hadi 10, na maelezo ya kila moja yana herufi 150 tu, basi anza na kitenzi na idadi. Waombe walimu barua za mapendekezo wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwapa ukurasa mmoja wa kazi ulizofanya darasani kwao. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kila mahali. Likitofautiana, matokeo ya mtihani hukaa bila kuunganishwa na faili lako. Fomu ya fedha, CSS Profile kwa vyuo vinavyoitaka, ina tarehe yake ya mwisho, na kuna wanaotuma maombi kwa wakati lakini fomu hii ikawapita. Early Decision, yaani maombi ya mapema ambayo kwa kawaida hufungwa 1 Novemba, inakufunga kwa chuo kimoja: kikikukubali, unaahidi kwenda huko. Anayehitaji kulinganisha ofa za msaada asiikimbilie.

Kwa msaada wa ana kwa ana, anza na EducationUSA, mtandao wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wenye vituo zaidi ya 400. Ushauri wao wa msingi ni bure. Ukiamua kulipa, muulize mshauri kama anapokea kamisheni kutoka vyuoni. Anayeahidi udahili, au anayejitolea kukuandikia insha, mwache siku hiyohiyo.

Na ukweli wa fedha usifichwe kwenye fomu. Hati ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza, hutolewa baada ya kuthibitisha fedha za angalau mwaka wa kwanza. Familia iliyotaja kiasi isichokuwa nacho hubaki na barua ya kukubaliwa mkononi, mwezi Mei, wakati msaada wa chuo umeshagawanywa.