Ritifaa ya ng'ombe inaharibikia wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimetumiwa orodha ya wafugaji wa kata ya Ng'hong'honha kwa faili la CSV. Nikilifungua kwa Excel, "ng'ombe" anasomeka "ng’ombe", na jina la kata ndiyo halitamkiki. Ni kirusi? (Msomaji, Dodoma Mjini)

JIBU: Marahaba. Si kirusi, na orodha yako ni nzima. Ila usihifadhi chochote kwanza.

Kompyuta hutunza namba, si herufi. Unicode, orodha ya kimataifa ya alama, huipa kila alama namba yake, na UTF-8 huiandika namba hiyo kwa baiti (vipande vidogo vya data) moja hadi nne. Ritifaa, yaani kile kialama cha juu kwenye "ng'ombe", ina sura mbili. Iliyonyooka ('), ile ya kibodi, namba yake ya Unicode ni U+0027: baiti moja. Word huigeuza yenyewe kuwa iliyopinda (’), U+2019, yenye baiti tatu: E2 80 99. Excel ikilidhania faili kuwa la Windows-1252, mfumo wa zamani ambao kila baiti ni alama moja, inasoma â, kisha €, kisha ™. Kata yako ina ritifaa mbili, ndiyo maana imeumia zaidi.

Fungua Excel tupu, ingia "Data", kisha "From Text/CSV", chagua faili. Penye "File Origin" weka "65001: Unicode (UTF-8)". Ng'ombe akirudi sawa kwenye onyesho, bonyeza "Load". Ukimaliza, hifadhi kama "CSV UTF-8". Ukihifadhi kwa UTF-8 yale yaliyoharibika, baiti tatu zinakuwa nane, na hapo hata kuchagua 65001 hakusaidii tena.

Halafu bonyeza Ctrl+H, ubadili ritifaa zote zilizopinda ziwe zilizonyooka. Tunalisisitiza hili, maana kwa VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta, neno lenye ritifaa iliyopinda na lile lenye iliyonyooka ni maneno mawili tofauti, na mfugaji anakosekana wakati jina lake lipo. Kwenye SMS hasara ni ya fedha: ritifaa moja iliyopinda hushusha kikomo cha SMS moja kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe wa herufi 150 unalipiwa kama SMS tatu.

SWALI: Naandika maneno ya Kisandawe. Kidoko, ile sauti ya kugonga ulimi, nikiandike kwa alama ya mshangao? (Msomaji, Kwa Mtoro)

JIBU: Hapana, ingawa zinafanana kama mapacha. Kidoko ǃ ni herufi, U+01C3; mshangao ni U+0021, na programu huuhesabu kuwa alama ya kituo, kama nukta, hivyo hulikata neno katikati. Vidoko viwili vingine vya Kisandawe ni ǀ, U+01C0, na ǁ, U+01C1. Kwenye Word andika 01C3, kisha bonyeza Alt+X.