Maswali ya wasomaji: Mashine ya boti haiendi bila choki

SWALI: Habari yako fundi. Mimi niko Panyimur, navusha watu na mizigo kwenda Mahagi Port. Niko na Yamaha 40 ya zamani, stroku mbili, ile ya kuchanganya oili kwenye jerikani. Asubuhi inawaka bila shida na pole pole inaenda, ila nikiipa mafuta yote inakosa nguvu inataka kuzima, nikivuta choki kidogo inaendelea, basi siku hizi nasafiri na choki nusu. Fundi mmoja anasema kabureta imekufa ninunue ingine, mwingine anataka kupanua jeti (kile kipande chenye tundu dogo la petroli ndani ya kabureta) na waya. Nimsikilize nani?
*Nahodha, Panyimur*

JIBU: Salama ndugu yangu. Usimsikilize yeyote kwanza, na tafadhali acha kuvusha watu na choki nusu, hilo naomba kabisa. Najua mashine ikilala na pesa imelala, lakini mashine yako haina oili pembeni, oili yake inapita na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua hapohapo, pistoni inapata joto jingi na ulaini kidogo kwa wakati mmoja. Siku moja itanata katikati ya ziwa na watu wako ndani, na upepo wa Ziwa Albert unaujua kuliko mimi. Choki inabana hewa ndiyo maana unaona nafuu, inakuambia tu petroli haifiki ya kutosha.

Kabla hujashika spana fanya hivi: mashine ikiwa majini inavuta mzigo na inaanza kukosa nguvu, mwambie kijana wako aminye lile puto la mpira lililo kwenye paipu ya petroli. Ikirudi kuwa na nguvu basi kabureta haina kosa, angalia filta, paipu iliyopasuka inavuta hewa, au dayafremu ya pampu ya petroli imechoka. Watu wengi wanafungua kabureta bure wakati shida ni kipande cha mpira cha bei ndogo!

Isipobadilika, fungua kabureta. Piga picha na simu kabla ya kutoa kila waya na kila springi, usiamini kichwa. Lile bakuli la chini lifungue juu ya kikombe cheupe, mimina polepole uangalie: maji yatakaa chini yanateleza matone matone na petroli juu yake, na ukiona uchafu wa kahawia unaonata kwenye kuta za bakuli ni petroli iliyolala muda mrefu, na hiyohiyo ndiyo iko ndani ya jeti. Ile skrubu ndogo yenye springi pembeni, kabla ya kuitoa ikaze taratibu mpaka ikae huku unahesabu imezunguka mara ngapi, andika, ndiyo utairudisha hapohapo. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake inaharibika na mashine haitatulia tena ikienda pole pole.

Sasa jeti. Ni shaba laini na tundu lake limepimwa kiwandani, namba iliyogongwa juu yake ni saizi, kwa hiyo waya wa chuma ukipita mara moja ile namba haina maana tena. Wewe uko kwa wavuvi, chukua uzi wa nailoni wa mshipi, ule mwembamba, pitisha ndani, halafu puliza dawa ya kusafisha kabureta (maduka ya spea za boda wanayo) na hewa ya kompresa, kisha inua jeti kwenye mwanga, tundu lionekane duara safi lisilo na unywele wowote. Puliza pia njia zote ndani ya mwili wa kabureta mpaka uone dawa inatokea upande wa pili, hapa ndipo mafundi wa haraka wanakosea, wanasafisha jeti na kuacha njia zimeziba. Toa mpira wote kabla ya dawa maana inauvimbisha, na linda macho.

Ukirudisha weka gaskiti mpya na sindano mpya ya floti (lile boya ndani ya bakuli linalofunga petroli ikijaa), usipake silikoni, vipande vyake vinaingia kwenye jeti na utarudi mwanzo. Geuza kabureta juu chini, floti ikae kwa uzito wake tu bila kuisukuma, ilale sawa na ukingo ambapo bakuli linakaa, kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha mashine.

Baada ya safari ya kwanza bila mzigo toa plagi zote: rangi ya kahawia ni sawa, nyeupe bado petroli ni kidogo, simama hapo.

SWALI: Nimeleta mashine kutoka Mombasa, hapa Masese inatoa moshi mwingi na nguvu imepungua. Ni kweli jeti za baharini hazifai kwetu?
*Mvuvi wa mukene, Jinja*

JIBU: Kuna ukweli ndani yake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Mombasa, jeti ileile inatoa petroli nyingi kidogo. Hiyo haiui pistoni, inakula pesa tu. Lakini anza na oili: kama kitabu kinasema 50 kwa 1, jerikani ya lita 20 inataka mililita 400, na wengi wanamimina kwa macho. Halafu fungua bakuli uangalie unga mweupe, chumvi inakula alumini ya kabureta. Vikiwa sawa vyote na plagi bado nyeusi, shuka saizi moja ya jeti, moja tu, uangalie plagi tena kabla ya kushuka nyingine.